Kabla ya Kuwapeleka Watoto Hifadhi ya Ziwa Manyara

Mtoto akiingia hifadhini bila swali, atahesabu tembo watatu, atasinzia, kisha ataulizia chakula. Andaeni swali moja mapema. Kwa Manyara mimi ningechagua maji: yanatoka wapi, na yanaishia wapi?

Mvua ya nyanda za juu huzama kwenye miamba ya volkano na kuibuka kama chemchemi chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Ndiyo inayostawisha ule msitu mnene wa karibu na lango hata kiangazi. Yakishafika ziwani, maji hayana mto wa kuyatoa. Jua huyavukiza, chumvi na magadi vikabaki. Jaribuni nyumbani: koroga chumvi kwenye maji, mimina kidogo kwenye sahani yenye rangi nyeusi, acha juani. Aliyeuona utando mweupe ukibaki hahitaji hotuba kuhusu kingo za ziwa zilizopauka.

Hapo ndipo heroe, ambao wengi huwaita flamingo, wanapoingia. Bakteria wa kijani-bluu wanaostawi kwenye maji ya magadi ni chakula chao, na rangi iliyomo humo ndiyo inayowapa wekundu; makinda yao ni ya kijivu. Ila msiahidi kuwaona, kwani huhama ziwa hadi ziwa kufuata hali ya maji.

Nguo zisiwe za bluu wala nyeusi. Rangi hizo huwavuta mbung'o, ndiyo maana hata mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo. Waulizeni watoto sababu wakati wa kufungasha.

Kila mtoto awe na daftari na penseli. Darubini moja ya kupokezana inatosha gari zima. Simu zikae kwa wakubwa, maana anayechora sikio la tembo hulazimika kuliangalia. Mwombeni dereva asimame pia penye kinyesi cha tembo. Watoto watacheka, waacheni. Nyuzi za majani zinaonekana wazi kwa sababu tembo hacheui, na sehemu kubwa ya anachokula hupita bila kumeng'enywa. Cha nyati ni laini, kwa kuwa yeye hucheua.

Chakula kiwe kwenye vyombo vyenye mifuniko. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na nyani wakinusa ndizi hawabishi hodi, hivyo fungeni madirisha. Ratiba ianze alfajiri, kabla wanyama hawajakimbilia vivulini. Manyoya, mifupa na mawe haviruhusiwi kutoka hifadhini. Waambieni hilo nyumbani, msingoje kilio cha langoni.