SOMO: Picha zako kwenye Mac zinakaa wapi hasa, na namna ya kuzihamisha bila kuzipoteza

Wakuu habari za saa hizi. Hili swali linajirudia sana na majibu mengine yanayotolewa ni ya hatari kwelikweli, mtu diski imejaa anaambiwa we futa tu hiyo faili kubwa iliyoko Pictures upate nafasi, kumbe ndo picha zake zote za harusi, za watoto, za marehemu mama, zote zimo humo. Soma taratibu kabla hujagusa kitu.

HATUA YA 1: Kuipata
Fungua Finder, pale juu kwenye menyu bonyeza Go halafu Home, ingia folda ya Pictures. Utakuta kitu kinaitwa Photos Library, jina lake kamili linaishia na .photoslibrary. Hicho ndicho chenyewe. Kinaonekana kama faili moja ila ni folda iliyofungwa, ukikibofya mara mbili hakikuonyeshi vilivyomo, kinafungua programu ya Photos. Kibofye mara moja ubonyeze Command na I uone ukubwa wake, ndo utaelewa diski imeliwa na nini.

HATUA YA 2: Kuchungulia ndani (kuchungulia tu jamani)
Shikilia Control huku unakibofya, chagua Show Package Contents. Kuna folda ya originals, humo ndani kuna vifolda vyenye majina ya 0 mpaka 9 na A mpaka F, na picha zimetawanywa humo bila mpangilio wa tarehe wala tukio. Na usitafute IMG_2034 maana haimo, kila picha imepewa jina refu la namba na herufi. Jina la zamani, albamu, sura za watu, vyote vimeandikwa kwenye faili inaitwa Photos.sqlite iliyoko folda ya database. Kwahiyo ukihamisha au ukifuta picha moja tu kwa mkono humo ndani, Photos itaendelea kuitafuta pale ilipoandikiwa na haitaiona. Usifute, usibadili jina, usiongeze kitu. Halafu kingine ambacho wengi hawakijui, humo kwenye originals picha ziko kama zilivyotoka kwenye kamera, ukiwa umeikata au umeiongezea mwanga hiyo kazi yako hutaikuta hapo.
Wenye Mac zenye mfumo wa kabla ya toleo la Catalina la 2019, kwenu hiyo folda inaitwa Masters na yenyewe imepangwa kwa tarehe.

HATUA YA 3: Kutoa picha
Pitia ndani ya Photos yenyewe. Chagua picha, nenda File kisha Export. Ukitaka zilizohaririwa chukua Export Photos, ukitaka kama zilivyopigwa chukua Export Unmodified Original.

HATUA YA 4: Kuhamishia kwenye diski ya nje
Diski iwe imefomatiwa (yaani imepangwa namna ya kuhifadhi data) kwa APFS au Mac OS Extended, mipangilio ya Apple. Diski nyingi za dukani zinakuja na exFAT au NTFS, hizo hazifai kwa kazi hii, na kufomati kunafuta kila kitu kwahiyo toa kwanza vilivyomo. Funga Photos kabisa, buruta Photos Library nzima kama ilivyo upeleke kwenye diski, subiri imalize hata kama ni usiku mzima. Ikishamaliza, shikilia Option huku unafungua Photos, uichague ile ya kwenye diski. Kama unatumia iCloud (hifadhi ya mtandaoni ya Apple) ingia Settings za hiyo Photos, General, bonyeza Use as System Photo Library. Ile ya zamani usiifute mpaka uwe umefungua picha za mwaka huu na za zamani kabisa, na video pia, ukaona zinacheza.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu kwenye Photos naona picha maelfu ila folda ya originals ina vitu vichache tu, zingine zimeenda wapi?
Jibu: Umewasha Optimize Mac Storage, picha kamili ziko iCloud, kwenye Mac umebakiwa na ndogo za kuonea. Ndani ya Photos nenda Settings, iCloud, chagua Download Originals to this Mac, ila hakikisha una nafasi na bando la kutosha. Hii ni muhimu sana kabla ya kufanya bakapu, la sivyo utakopi picha ndogo ukidhani umekopi zote.

Swali: Kaka mimi bado nina iPhoto Library ya zamani, inasoma GB 60 na Photos nayo GB 60. Nifute moja?
Jibu: Photos ilipochukua nafasi ya iPhoto mwaka 2015 haikukopi picha, maktaba zote mbili zinaelekeza kwenye data ileile hapo kwenye diski. Ukiifuta hutapata hizo GB 60 unazozihesabu. Iache.

Swali: Nimefuta video kibao na nafasi haijaongezeka hata kidogo.
Jibu: Ziko Recently Deleted dada, zinakaa mpaka siku 30. Ingia humo uzifute tena, ila angalia vizuri, ukizitoa hapo ndo basi.

Swali: Na sisi wa Windows?
Jibu: Kwenu ni rahisi, C:\Users\jina lako\Pictures, picha ziko wazi kwenye folda za kawaida. Ila kama OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft) inafanya bakapu, folda hiyo inakuwa imehamia ndani ya folda ya OneDrive, kwahiyo ukifuta picha hapo inafutika na kule mtandaoni.

Swali: Je nikiweka hiyo Photos Library kwenye flashi ya exFAT kwa muda tu?
Jibu: Ukitaka kuitumia ikiwa humo, hapana. Fomati kwanza, na flashi yenyewe ni ya polepole, tafuta SSD ndogo ya nje.