Somo: Kupima jinsi dopamini inavyomwongoza nzi wa matunda kuchagua joto

Nzi tunayemzungumzia ni Drosophila melanogaster, yule mdogo mwenye macho mekundu anayezagaa kwenye ndizi zilizoiva mno, wala si yule mkubwa anayeharibu maembe shambani. Mwili wake hufuata joto la mahali alipo, kwa hiyo hujirekebisha kwa kuhama, na akipewa nafasi hukaa karibu na nyuzi 25 za Selsiasi. Dopamini ni kemikali ambayo seli za neva hutumia kupelekeana ujumbe.

Hatua ya kwanza. Chukua bamba refu la alumini, weka barafu chini ya ncha moja na kipasha-joto chini ya nyingine, kisha hakikisha kwa vipimajoto kwamba joto linapanda taratibu. Unyevu uwe sawa kote, kwani nzi anayekimbia ukavu ataonekana kana kwamba anakimbia joto.

Hatua ya pili. Andaa makundi mawili ya umri mmoja, ila chakula cha kundi moja kitiwe dawa inayozuia kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa dopamini kutokana na tairosini, moja ya asidi-amino zinazojenga protini. Wote wawe wameshiba, maana njaa huwafanya wachague ubaridi. Wapime saa ile ile, kwa sababu joto wanalolipenda hupanda kadiri mchana unavyoendelea.

Hatua ya tatu. Waachie katikati, subiri nusu saa, hesabu.

Hatua ya nne, ambayo ndiyo kiini cha somo, ni kuyasoma matokeo. Utafiti wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba nzi waliopungukiwa na dopamini huchagua mahali pa baridi kuliko kawaida, na kwamba seli za neva zinazoitoa zikinyamazishwa, nzi huacha kuukwepa ubaridi. Nzi wasio na kipokezi kimoja cha dopamini, yaani protini ya seli inayoipokea, walifanya vivyo hivyo. Kiliporudishwa katika sehemu ya ubongo yenye umbo la uyoga pekee, wakarejea kwenye joto la kawaida. Kwangu mimi jaribio hilo la kurudisha ndilo lenye uzito zaidi, kwa kuwa linaonyesha mahali dopamini inapofanyia kazi.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, tutajuaje kwamba dawa haikuwalegeza tu?

Jibu: Nzi aliyelegea angebaki katikati ulipomwachia, asingesafiri hadi kwenye baridi. Hata hivyo, rudia jaribio kwenye bamba lenye joto moja kote. Makundi yote mawili yatawanyike bila kuegemea upande wowote.

Swali: Basi dopamini ndiyo kipimajoto cha nzi?

Jibu: Hapana. Ubaridi huhisiwa na seli zilizo kwenye vipapasio, na uvuguvugu huhisiwa na seli nyingine ndani ya kichwa, ambazo hutumia mlango wa ioni (chembe zenye chaji) kwenye utando wa seli, uitwao TRPA1. Dopamini huingia baadaye, pale ubongo unapoamua taarifa hiyo imfanye nzi asogee au atulie.