Daftari Kabla ya Brashi: Namna ya Kuhifadhi Vituo vya Kale vya Safari za Anga

Kabla hujanunua rangi, nunua daftari. Kituo cha kale cha safari za anga huharibiwa na usafi uliozidi upesi kuliko kutu, kwa sababu namba, alama na mikwaruzo iliyoachwa na mafundi mara nyingi ndiyo inayoeleza kazi ilivyofanyika humo.

Vilivyo karibu na sisi wa Dodoma viko pwani: kituo cha Tunguu, Unguja, kilichokuwa miongoni mwa vilivyofuatilia chombo cha mwanaanga wa Marekani John Glenn mwaka 1962 na kufungwa mwaka 1964, na majukwaa ya baharini ya kurushia roketi ya San Marco karibu na Malindi, Kenya, ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Kwa hiyo vijana wetu wa Nkuhungu walijifunzia kwenye dishi kuukuu la wavu lililosimama uani kwa mzee mmoja. Kijana mmoja alishika msasa akafuta namba tatu za rangi nyeupe kwenye mguu wa dishi hilo kabla hazijapigwa picha. Mzee akatuambia kwamba ndizo pembe alizoziweka fundi alipolielekeza angani, wala hazikuandikwa pengine popote.

Basi, baada ya kupata ruhusa ya mwenye mali na ya idara ya mambo ya kale, piga picha kuanzia mbali hadi karibu, ukiweka rula kando ya kila kitu kidogo. Chora ramani kwa penseli, ambayo haichujuki mvua ikinyesha, na ukipe kila kifaa namba kabla hakijasogezwa. Usivunje paa la asbesto wala usifungue transfoma ya zamani, kwani mafuta yake yanaweza kuwa na sumu. Huko Cape Canaveral, Marekani, kiyeyushi chenye sumu kilichotumika kusafishia injini za roketi katika eneo la kurushia namba 34 kilizama ardhini hadi kwenye maji ya chini ya ardhi.

Kisha amua utengeneze kiasi gani. Chumba cha kuongozea safari za mwezini za Apollo kule Houston, Marekani, kilifunguliwa tena mwaka 2019 kikiwa kimerudishwa katika hali ya mwaka 1969, hata visahani vya majivu ya sigara vikiwa mezani. Lakini katika eneo lile la namba 34, ambako wanaanga watatu walifariki kwa moto tarehe 27 Januari 1967, mnara umeondolewa, na nguzo za zege zimeachwa zipigwe na upepo wa bahari, zikiwa na maandishi yanayoagiza ziachwe palepale. Kwa kikundi chenye fedha kidogo, mimi naona njia ya pili ndiyo ya kweli zaidi: ziba paa, zibua mifereji, funga milango, basi.

Nyaraka na vifaa vikiletwa kuhifadhiwa huku kwetu, adui ni vumbi na mchwa. Panguza kwa brashi laini kavu, si kwa kitambaa chenye maji, na uweke masanduku juu ya miguu ya chuma, mbali na ukuta, ili vijia vya udongo vya mchwa vionekane mapema.

Usisubiri hayo yote yaishe ndipo uwatafute wapishi, madereva na walinzi wa zamani. Mpeleke mzee mahali penyewe, mwamkie, umuulize jambo dogo: "Babu, asubuhi mlikuwa mkiingilia mlango upi?" Kisha nyamaza, uache kinasa sauti kiendelee.