Kupokea M-Pesa kwenye tovuti ya duka kwa mistari michache ya Python

Duka la kahawa ya kukaanga pale Moshi halihitaji mfumo mzito ili lilipwe kwa M-Pesa kwenye tovuti yake. Maktaba mbili ndogo zinatosha: requests ya kutuma maombi na pycryptodome ya kufumba funguo.

pip install requests pycryptodome

Jisajili openapiportal.m-pesa.com, tengeneza programu yako humo, kisha nakili ufunguo wa API (mlango ambao programu yako inaongea na M-Pesa) na ufunguo wa umma wa mazingira ya majaribio. Viweke kwenye faili la .env, faili la siri za programu, na faili hilo lisiingie Git, hifadhi ya msimbo, kamwe.

Ufunguo wa API hautumwi ukiwa wazi. Unafumbwa hivi:

import base64
from Crypto.PublicKey import RSA
from Crypto.Cipher import PKCS1_v1_5

def fumba(siri, umma):
    k = RSA.import_key(base64.b64decode(umma))
    c = PKCS1_v1_5.new(k).encrypt(siri.encode())
    return base64.b64encode(c).decode()

Jibu lake huwekwa kwenye kichwa cha Authorization baada ya neno Bearer. Weka na kichwa cha Origin, ambacho husahaulika sana. Ita getSession, ombi la kufungua kikao, ukipata output_SessionID, yaani namba ya kikao, nayo ifumbe vilevile kabla ya kuitumia. Kikao kipya huweza kuchukua hadi sekunde 30 kabla hakijaanza kukubalika, kwa hiyo ukituma malipo papo hapo utakataliwa ilhali msimbo wako ni mzima. Fungua kikao kimoja, kihifadhi, kihudumie wateja wengi.

Malipo yenyewe huenda c2bPayment/singleStage: input_Country ni TZN, input_Currency ni TZS. Kwenye majaribio, namba ya mteja ni 000000000001 na ya biashara 000000. Kwenye kazi halisi, mteja akiandika namba inayoanza na 0, iondoe uweke 255. Zitimie tarakimu 12. Kiasi ni "15000", bila koma wala "/=".

Sasa penye hatari. Mteja yuko Sakina, Arusha, ameweka PIN, mtandao ukakatika kabla jibu halijakufikia. Pesa huenda imeshakatwa. Ukimwonyesha "malipo yameshindikana" atabonyeza tena, na utamkata mara mbili. Ndiyo maana oda huandikwa kwenye hifadhidata kabla ya kutuma chochote, ikiwa na hali ya "inasubiri" na input_ThirdPartyConversationID yake, yaani kitambulisho cha ombi hilo. Itengeneze kwa uuid4().hex, herufi 32 zisizo na vistari, maana vistari havikubaliki.

Requests yenyewe haina kikomo cha muda usipoiwekea, kwa hiyo andika timeout=60. Muda ukiisha, au ukipata jibu la INS-9 (muda wa ombi umeisha), usitume malipo upya kwa kitambulisho kipya. Uliza queryTransactionStatus, ukiweka kitambulisho cha awali kwenye input_QueryReference. Ombi hilo la kuuliza lipewe kitambulisho chake lenyewe. INS-10 ina maana muamala umejirudia. INS-2006 ni salio halitoshi, mwambie mteja waziwazi. Kwenye jibu la malipo, INS-0 pekee ndiyo inayoruhusu kufunga mzigo; kwenye jibu la queryTransactionStatus, INS-0 peke yake haitoshi, angalia pia output_ResponseTransactionStatus iwe Completed.

Ukiidhinishwa, badilisha neno sandbox (majaribio) kwenye anwani ya maombi liwe openapi, pamoja na funguo na namba ya biashara. Wateja wa Airtel Money, Mixx by Yas na HaloPesa hawafikiwi kwa njia hii. Kwao utahitaji mkusanyaji wa malipo, kampuni inayokuunganisha na mitandao mbalimbali, na utaratibu wa "inasubiri" unabaki uleule.