Namna ya kusoma madaftari ya mfanyabiashara na mlanguzi wa ardhi wa Marekani ya karne ya 19

Mfanyabiashara wa Marekani wa karne ya 19 aliyekuwa na duka huku akilangua ardhi aghalabu huacha makasha yaliyojaa madaftari, barua, stakabadhi na hati. Mtafiti anayeyafungua kwa mara ya kwanza huvutwa na hati za ardhi, kwa kuwa ndizo zenye mihuri na maandishi ya kupendeza. Ushauri wangu ni kuziweka kando kwa muda na kuanza na vitabu vya duka. Mara nyingi ardhi ya mtu wa namna hii ilianzia kaunta: mkulima alikopa bidhaa, deni likakua na kuandikiwa hati ya ahadi ya kulipa, hati ikageuzwa kuwa rehani, na aliposhindwa kulipa shamba likahamia kwa mwenye duka. Anayesoma hati za ardhi peke yake huona mwisho tu wa mlolongo huo.

Kabla ya kusoma, orodhesha kila kitu kama kilivyokutwa. Vipande vya karatasi vilivyochomekwa ndani ya leja, yaani kitabu cha hesabu za wateja, vipigwe picha vikiwa mahali pake, kwa sababu kipande kisicho na tarehe huweza kukadiriwa wakati wake kutokana na kurasa zinazokizunguka. Andika kwa penseli tu.

Kisha tambua kila kitabu ni cha kazi gani. Daftari la siku huandikwa mauzo yanapotokea, kwa mfuatano wa saa na siku. Jarida hupanga miamala hiyohiyo katika debiti na krediti, ingawa wenye maduka madogo wengi hawakujisumbua nalo. Leja hukusanya hesabu za kila mteja katika ukurasa wake. Nambari ndogo iliyo pembeni mwa daftari la siku kwa kawaida ni ukurasa wa leja, nayo ndiyo njia ya kutoka kitabu kimoja hadi kingine. Katika leja, upande wa kushoto wenye "Dr" huonyesha alichochukua mteja, na maingizo yake huanza na "To". Upande wa kulia wenye "Cr" huonyesha alicholipa, na huanza na "By". Herufi "do" humaanisha jambo lilelile la mstari wa juu. Katika barua, "inst." ni mwezi huu na "ult." ni mwezi uliopita.

Chagua mteja mmoja umfuate mpaka mwisho. Leja itasema "To Sundries" na kiasi cha fedha, yaani vitu mbalimbali, hivyo itakubidi urudi kwenye daftari la siku la tarehe hiyo ndipo uone kitambaa, misumari na sukari alivyobeba. Upande wa kulia utakuta siku za kibarua, ngano, au ngozi, kwani fedha taslimu zilikuwa adimu vijijini. Hapo kuna mtego unaostahili uangalifu kuliko mingine yote. Ingizo "By Note" hufunga hesabu na kuiacha ikiwa sawa pande zote mbili, kana kwamba mteja amelipa, kumbe deni limehama tu kwenda kwenye kitabu cha hati za ahadi, ambako huanza kuzaa riba. Mtafute mteja huyo katika kitabu hicho, kisha katika rehani.

Usijumlishe fedha za miaka mingi kabla ya kujua ni fedha zipi. Sheria ya 1792 iliifanya dola kuwa kipimo rasmi, lakini hesabu za shilingi ziliendelea kwa miongo kadhaa: shilingi 8 kwa dola huko New York, 6 huko New England. Sarafu za kigeni zilikubalika kisheria hadi 1857, noti za benki za mbali zilipokelewa kwa thamani pungufu, na kuanzia 1862 dola ya karatasi na dola ya dhahabu hazikulingana.

Sasa ingia kwenye ardhi. Katika majimbo yaliyopimwa na serikali ya shirikisho, utakutana na maandishi kama "SW ¼ Sec. 14, T 9 N, R 3 W". Yasome kuanzia mwisho: safu ya 3 magharibi ya meridiani kuu (mstari wa kaskazini-kusini ambako upimaji ulianzia), kitalu cha 9 kaskazini ya mstari wa msingi (ule wa mashariki-magharibi), sehemu ya 14, robo yake ya kusini-magharibi. Kitalu ni maili 6 kwa 6, kina sehemu 36 za ekari 640, hivyo robo ni ekari 160. Tangu 1820 bei ya chini ya serikali ilikuwa dola 1.25 kwa ekari, kwa fedha taslimu. Kwa hiyo malipo ya dola 50, 100 au 200 katika kitabu cha fedha, yakiwa karibu na tarehe ya safari ya kwenda ofisi ya ardhi, yanapaswa kukushtua hata kama maelezo hayapo: ni ekari 40, 80 na 160. Baada ya agizo la serikali la Julai 1836 la kudai ardhi yake ilipwe kwa sarafu za dhahabu na za madini ya fedha, tazama pia gharama za kununua sarafu.

Sheria zilizopitishwa kati ya 1847 na 1855 ziliwapa askari hati za kuchukua ardhi, na walanguzi wakazinunua chini ya thamani. Wengine walizitumia kuchukua shamba kwa jina lao, kisha wakamwandikia mkulima ahadi ya kumuuzia kwa bei ya juu baada ya mwaka mmoja au zaidi. Riba ilifichwa ndani ya bei ili kukwepa sheria za ukomo wa riba. Linganisha tarehe za ununuzi wa hati, uchukuaji wa shamba na ahadi, nawe utaigundua riba halisi.

Barua zilizotoka hutunzwa katika vitabu vya nakala vya karatasi nyembamba, zilizochapwa kwa kugandamiza wino ambao haujakauka; anza na faharasa ya majina iliyo mbele. Zisomwe kwa tahadhari, kwani mtu anayetafuta mkopo hujisifu.

Mwisho, panga stakabadhi za kodi ya ardhi kwa kaunti na kwa mwaka, zikiwemo za miaka iliyofuata misukosuko ya kifedha ya 1837, 1857 na 1873. Mwaka ambao stakabadhi ya shamba fulani haipo ndio mwaka wa kuanza kutafuta katika vitabu vya hati vya kaunti, upande wa wauzaji na kwenye orodha za mashamba yaliyopigwa mnada kwa kodi, ukikumbuka kutafuta pia majina ya mkewe, wabia na mawakala wake.