Orodha ya mabadiliko itoke ndani ya Git

Kwa wenzangu tunaotengeneza programu hapa Kigoma, nashauri kwamba toleo jipya lisiundwe kwa mkono, wala orodha ya mabadiliko isiandikwe kwa kukumbuka. Nilipokuwa nikihudumia programu ya kupokelea mizigo ya dagaa pale Kibirizi, niliwahi kumpelekea mteja toleo lisilo na rekebisho nililomwahidi, kwa sababu nililiunda kutoka kwenye folda ya zamani, ilhali orodha yangu ilisema rekebisho limo.

Sasa kila toleo nalitia lebo, yaani jina la kulitambulisha, ndani ya Git (programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo), kwa mfano v1.4, kisha skripti fupi huchukua nakala safi ya msimbo, huendesha majaribio, na huunda programu iwapo tu majaribio yote yamefaulu. Orodha hutolewa na amri `git log v1.3..v1.4 --no-merges --pretty="- %s"`, inayochapisha mstari wa kwanza wa maelezo ya kila badiliko lililoingia kati ya lebo hizo mbili. Kwa hiyo mstari huo uandikwe kwa uangalifu siku ileile ya kazi, ukieleza kilichobadilika kwa mtumiaji. Neno "nimerekebisha" peke yake halimfai mtu yeyote.

Aidha, tokeo la `git describe`, amri inayoutaja msimbo kwa lebo yake ya karibuni, liingizwe kwenye programu yenyewe, ili mteja akipiga simu kutoka Kasulu akusomee namba hiyo nawe ujue mara moja anatumia msimbo upi. Lebo zitiwe kwa `git tag -a`, kwani `git describe` huzipuuza lebo zisizo na maelezo isipoongezewa `--tags`.