Kuchunguza nyumba inayosemekana ina mizimu

Mpangaji akihama usiku na majirani wakaanza kunong'ona habari za mizimu au mayembe (pembe za kiganga zinazosemekana kuwa na pepo), anza na daftari. Mhoji kila aliyeona au kusikia peke yake, kabla hawajakaa pamoja tena, maana wakishasimuliana hata jioni moja, maneno yao huanza kufanana. Andika saa, chumba, kama alikuwa macho au amelala, kama mvua ilinyesha. Andika "kishindo juu ya dari", usiandike "mtu alitembea juu ya dari". Maneno hayo ya pili yameshatoa hukumu.

Siku hiyo hiyo toa sigiri, yaani jiko la makaa, nje. Hili halingoji kesho kwa sababu linaua. Makaa yanayowaka penye hewa kidogo hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na makaa yaliyofunikwa na majivu huendelea kuitoa hata kama huoni moshi. Baridi ya Kabale, mji wa milimani kusini-magharibi mwa Uganda, ikiwafanya watu wafunge madirisha huku maharage yanamalizikia kuiva chumbani, gesi hujaa. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata, akili huvurugika, na wapo wanaosikia au kuona wasiokuwapo. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alichapisha habari za familia iliyosikia nyayo na kuona watu wageni ndani ya nyumba yao. Kumbe tanuru la kupasha nyumba joto lilikuwa bovu na lilivujisha gesi ndani. Alama ya kuangalia ni hii: wote wanaumwa kwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu. Laleni usiku tatu bila moto ndani, madirisha mawili yanayotazamana yakiwa wazi. Jenereta likae angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, moshi wake ukielekea kwingine. Aliyechanganyikiwa au kuzimia atolewe nje mara moja na apelekwe hospitali. Wanaotaka kumwombea wamwombee huko.

Sasa paa. Vishindo vya jioni vingi ni vya mabati. Bati la chuma la mita 3 likipoa kutoka nyuzi 60 hadi 20 husinyaa karibu milimita 1.5. Misumari inalizuia, mkazo unajikusanya, kisha bati linateleza kwa mpigo mmoja: pa! Na kwa kuwa Uganda imekaa juu ya ikweta, jua huzama karibu saa ile ile mwaka mzima, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja. Ndiyo maana kishindo huja "kila siku kwa wakati wake", jambo linalowatisha watu kuliko kishindo chenyewe.

Lipime. Siku ya jua kali, saa nane mchana, waliosikia wakae ndani. Wewe panda ngazi, mwenzako akiishikilia, na umwagie bati ndoo ya lita 10 ya maji baridi. Usiwaambie utamwaga dakika gani. Wao wanyooshe mkono wakisikia sauti wanayoijua, na mwingine aandike saa. Kosa la kawaida ni kufanya hivi siku ya mawingu: bati halijapata moto, halitoi sauti, na watu wanaondoka wakiamini zaidi kwamba ni mizimu.

Vishindo vikija usiku wa manane, tafuta wanyama. Tandaza gunia la mita moja kwa moja karibu na tundu la dari na ulinyunyizie majivu yaliyochekechwa, tabaka jembamba tu; yakiwa mazito nyayo hubomoka. Asubuhi mulika tochi kutoka ubavuni, iwe chini kabisa, ili kila alama itoe kivuli. Panya huacha vidole vidogo, na mara nyingi mstari wa mkia katikati. Kinyesi nacho kiponde kwa kijiti: cha popo anayekula wadudu huvunjika kuwa unga wenye vipande vya mabawa vinavyong'aa, cha panya kikikauka huwa kigumu. Vaa barakoa na glavu, lowesha kwanza kwa maji yenye klorini, usifagie pakavu, na popo usimshike kwa mkono.

Kilio cha mtoto kutoka mtini huenda ni komba. Ukelele mkali unaopanda na kupanda huenda ni pelele, mnyama mdogo apandaye miti. Mkwaruzo wa koo na kitu cheupe kinachopita kimya ni bundi. Hatua nzito alfajiri, hasa Kampala, ni kaloli, yule korongo mkubwa, ametua juu ya bati. Taa ya LED inayofifia kidogo hata ikizimwa mara nyingi inamaanisha swichi inakata waya wa nyutro badala ya laini, yaani waya unaoleta umeme; mwite fundi wa umeme.

Aliyekabwa na jinamizi hasemi uongo. Akili imeamka wakati mwili bado umelegea kwa usingizi wa ndoto, hivyo anaona mtu chumbani na hawezi kupiga kelele. Hupita kwa sekunde au dakika chache. Alale ubavu badala ya chali, apate usingizi wa kutosha, na akibanwa ajaribu kutikisa kidole kimoja tu.

Picha zenye viduara vyeupe: kung'uta mto mbele ya simu, piga picha kwa flashi, linganisha. Ni vumbi lililo karibu na lenzi.

Mganga akija kuchimbua "vitu" uani, mwenye nyumba achimbe mwenyewe, mahali alipoonyeshwa, kwa jembe lake, na mganga asiguse udongo. Pesa zisitangulie.

Sauti isiyopata maelezo iandikwe "bado haijulikani", na saa yake. Na kama jina la bibi fulani au jirani limeshaanza kutajwa kuwa ndiye mchawi, peleka nakala ya daftari kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) siku hiyo hiyo, kabla jioni haijaingia.